Kwa Spika, Aliyekataa Kumaliziwa Maneno

Mwaka umetimia leo, dada, tangu ulipotuacha asubuhi ile katika wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Watu wanatuambia muda unaponya. Wanatuambia umepumzika, wanatuambia angalau hukuteseka sana. Maneno wanayo tele, wala hakuna anayevuta pumzi kabla ya kuyatoa. Wewe ulilazimika kuvuta pumzi kwa kila neno, na hao hao ndio waliokuwa wakiangalia saa ukiongea.

Tulitaka kuandika tangazo la kawaida, la picha na mistari minne. Mdogo wako, yule mshonaji, alikaa mezani siku tatu akiandika na kufuta. Siku ya tatu akaisoma karatasi kwa sauti, akaikunja. "Nimeandika hapa kwamba alikuwa mpole," akasema. "Jamani, nani alikuwa mpole?" Mumeo akacheka mpaka akavua miwani. Basi tukamwachia mdogo wako aseme anavyojua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nawe kutwa nzima tangu alipohamishia cherehani zake chumba cha mbele cha nyumba yako. Mengi yaliyomo humu aliyaona yeye. Hasira iliyomo ni yake pia, ingawa kila mmoja wetu ana hisa.

Wasiokujua wajue kwanza ulikuwa nani. Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa karani wa kuita kesi mahakamani. Ulisimama mlangoni na orodha mkononi, ukaita jina mara tatu, na aliyekuwa ng'ambo ya barabara akinywa chai aliacha kikombe akaja mbio. Kipaza sauti kililetwa mara moja, kikakaa kwenye boksi lake, hakimu akasema kazi yake haioni. Wenzako ndio waliokubandika jina la Spika. Mama alilichukia wiki mbili, halafu naye akaanza kukuita hivyo hivyo.

Ulikuwa na tabia moja iliyowaudhi makarani wenzako. Kila asubuhi ulipita kwenye mabenchi na orodha yako, ukimuuliza kila mtu jina lake linatamkwaje. Ulisema mtu aliyeamka alfajiri kuja kusimama mbele ya hakimu ana balaa lake la kumtosha, asiongezewe la kuitwa jina lisilo lake. Nyumbani ulikuwa vilevile. Ukisikia mtangazaji wa redio anatafuna neno, ulimjibu kama vile anakusikia.

Hukuwa mpole, dada. Ulikuwa mwema. Mdogo wako anasema vitu hivyo viwili watu huvichanganya. Ndiwe uliyemlipia mafunzo ya ushonaji, kisha ukamvalia gauni lake la kwanza kazini, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na kila aliyecheka ulimuuliza yeye ameshona nini.

Ugonjwa ulianza kwa kubisha hodi. Jicho moja liliingiwa na ukungu wiki tatu, likapona. Mguu ukafa ganzi, ukasema ni viatu. Kisha sauti ikaanza kukuchoka ikifika saa nane mchana. Ikawa nyembamba, ikakwaruza, na maneno yakaanza kutoka vipande vipande, silabi na silabi yake, kama unamfundisha mtoto wa chekechea kusoma. Siku za joto ilizidi. Umeme ukikatika na feni ikasimama, hata jina fupi lilikupa kazi.

Hapo kila mtu akawa daktari. Shangazi alileta asali. Jirani alileta tangawizi, akarudi kuangalia kama imenyweka. Mfanyakazi mwenzako alisema unyamaze siku saba, mwingine akasema uimbe. Muuza dawa wa kona alimgeukia mdogo wako, wewe ukiwa umesimama palepale, akamwambia, "Mrudishe pombe ikimtoka." Wewe, ambaye hata kwenye harusi yako ulikunywa soda! Mdogo wako alimtolea muuza dawa yule maneno ambayo gazeti hili halitayachapa.

Na wengine, Mungu awasamehe, walikupigia kelele. Walisikia unaongea kwa shida, wakaamua kwamba husikii. "HUJAMBO? UMEKULA?" Ukimtazama mtu wa namna hiyo jicho lako lilikuwa linatosha, lakini hawakuelewa hata jicho.

Kuna siku nguzo ya umeme ya mtaa ilianza kutoa cheche. Uliwapigia simu watu wa umeme mwenyewe, maana ulikataa kabisa mtu akupigie. Mashine ikakuomba utaje shida yako. Ukataja. "Samahani, hatujakuelewa." Ukataja tena. Mdogo wako alihesabu mara kumi na moja akiwa kwenye cherehani, mkono wake ukimuwasha kuinyakua ile simu. Mwishowe akapokea binadamu. Ukasema, "Ngu-zo. I-na-to-a—" Akakukatiza: "Dada, pumzika kwanza, utapiga ukiwa sawa." Akakata. Ulikaa umeishika ile simu kama mtu aliyezabwa kofi. Halafu ukaanza kupiga upya, tarakimu moja moja, na mdogo wako akatoka nje kwa sababu hakuweza kukaa humo.

Kazini ndiko kulikotuumiza zaidi. Alasiri moja uliita jina la shahidi, likatoka limevunjika, ukumbi ukacheka. Karani mkuu, uliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, alikufuata ofisini. Hakukuuliza unaumwa nini. Alichukua kikombe chako cha chai mezani, akakinusa.

Kesho yake ukapewa barua. Ulishtakiwa kwa kuwa kazini katika hali ya ulevi.

Ulipofika nyumbani uliiweka barua ile juu ya kitambaa alichokuwa akikishona mdogo wako. Akaisoma mara mbili. "Huyu mtu ana kichaa?" akauliza. Ukajibu kwa shida, "Ka-ni-nu-sia ki-kom-be." Na machozi yakakutoka, tunadhani kwa mara ya kwanza tangu baba azikwe.

Mumeo, ambaye ni fundi wa friji na ambaye kwa kawaida huongea kama anayelipia kila neno, siku hiyo alisema sentensi nzima. "Kesho tunaenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mimi sifungui karakana mpaka mtu atuambie hiki ni nini."

Ilichukua miezi miwili, foleni tano na picha za kichwa zilizopigwa ndani ya mashine inayogonga kama nyundo. Daktari alizitundika kwenye taa, akatuonyesha madoa meupe. Akaeleza kwamba mishipa ya fahamu ina ganda, na kinga ya mwili wako, badala ya kukulinda, imeligeukia ganda hilo na kulila. Amri inatoka kichwani kama kawaida, lakini inafika kwenye ulimi, kwenye koo na kwenye kifua imechelewa, au haifiki. Mumeo alielewa kabla yetu sote. "Waya umechunika," akasema. Daktari akasema ndiyo, ndivyo hasa.

Akautaja ugonjwa: multiple sclerosis. Mama alijaribu kulitamka akashindwa. Mdogo wako naye akashindwa. Ndipo wewe ukavuta pumzi, ukasema polepole, "Ugonjwa wa kushindwa kutamka. Na wenyewe hautamkiki." Daktari alicheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni. Tangu siku hiyo tuliuita MS, herufi mbili tu, zikatutosha.

Daktari alisema hauponi, lakini dawa za kuupunguza kasi zipo, na akakupeleka kwa mtaalamu wa matamshi, binti mdogo aliyekuja hospitali ile siku za Alhamisi. Ulimpenda yule binti kwa sababu alikuwa mkali. Alikufundisha kukaa wima, kuvuta pumzi mpaka tumboni, kusema maneno matatu au manne kwa pumzi moja, kusimama, kisha kuendelea. Alikuambia mambo makubwa uyaongee asubuhi kabla ya uchovu, na upumzike kabla ya mazungumzo kama mwanamichezo kabla ya mechi. Akamgeukia mdogo wako. "Na wewe," akasema, "punguza msaada."

"Nipunguze?" mdogo wako akashangaa. "Mimi ndiye mdomo wake siku hizi."

"Mdomo anao. Nimekusikia hapa, umemmalizia sentensi sita. Mbili ulipatia."

Mdogo wako hakufurahi. Njiani kurudi alilalamika: yule mtoto anajua nini, yeye analala nyumbani kwenu? Anajua inavyokuwa mteja amesimama mlangoni, chungu kiko jikoni, na dada mtu ameanza sentensi ambayo itafika kituoni kesho? Ulimsikiliza hadi mwisho. Ukasema, "Sita. Mi-mi. Ni-li-he-sa-bu. Kumi."

Dada, hebu tukiri na hili. Kukusubiri kulichosha. Mtu anaona unakokwenda, neno liko wazi kama mchana, na wewe unang'ang'ana nalo huku jasho likikutoka. Mdogo wako alikuwa akilitoa lile neno kwa haraka kama mtu anayemshika mwenzake asianguke. Ukipandwa na hasira ulirudi mwanzo wa sentensi, makusudi, ukaianza upya yote. Yeye naye akipandwa na hasira alitia mguu kwenye cherehani ikanguruma, usisikike kabisa. Mlikuwa mkifanyiana hivyo nyinyi wawili, watu wazima wenye mvi, na mumeo akichukua begi lake la spana na kwenda kukaa karakana.

Mpaka ile siku ya maji.

Ilikuwa mchana wa joto, umeme umekatika. Mdogo wako alikuwa na gauni la bibi harusi mezani na mwenye gauni amekaa anasubiri. Ulikuwa kwenye kiti chako ukutani. Ukasema, "Ma-ji." Akainuka papo hapo, akajaza kikombe, akakuletea. Ukatikisa kichwa. Ukasema tena, "Ma-ji. Ya—"

"Ndiyo, maji haya hapa. Kunywa."

Ukaurudisha mkono wake. Akaona unadeka. Akaona ni yale yale ya kurudi mwanzo wa sentensi, na mteja anaangalia saa. "Dada, kunywa basi!" akasema, akakusogezea kikombe mdomoni.

Ukanywa. Yakakupalia. Yalikwenda kusikokuwa tumboni, ukakohoa kikohozi kisicho na sauti, uso ukabadilika rangi. Bibi harusi akapiga kelele. Mumeo alitoka karakana mbio, akakuinamisha, akakupiga mgongoni mpaka yakatoka, lakini si yote. Usiku ule ule homa ikapanda. Ukalazwa siku tisa na nimonia.

Siku ya nne ulipopata nguvu uliomba karatasi kwa ishara. Herufi zilipanda na kushuka. Uliandika: *Nilikuwa nasema maji yananipalia.*

Mdogo wako aliisoma, akaenda kusimama kwenye ngazi za wodi akiwa ameshika ukuta. Alisema baadaye kwamba hakulia kwanza. Alikuwa na hasira, na hakujua pa kuipeleka. Alikukasirikia wewe kwa kuwa na sentensi ndefu. Aliukasirikia ugonjwa, joto, gauni na bibi harusi wake. Alipomaliza wote hao akabaki yeye mwenyewe.

Alhamisi, yule binti wa matamshi alikuja wodini. Hakumlaumu. Alimweleza kwamba misuli ya kuongea na ya kumeza ni majirani, na mmoja ukilegea mwingine huwa njiani, na kwamba dalili ilikuwepo kwa yeyote ambaye angengoja. Akamwonyesha jinsi ya kufanya maji yawe mazito, jinsi ya kukuinamisha kidevu, kijiko kidogo kidogo. Mdogo wako akaandika yote. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda chako.

"Dada, kuanzia leo sikumalizii. Hata ukichukua saa nzima."

Ukamtazama. "Tu-ta-o-na," ukasema.

Na haikuchukua muda kuona, kwa sababu wiki tatu baada ya kutoka hospitali uliitwa kwenye kamati ya nidhamu. Barua ya daktari tulikuwa tumeshaipeleka. Mtu ungedhani ndiyo mwisho wa maneno. Hapana! Walisema barua imepokelewa, lakini shauri limeshafunguliwa na lazima lisikilizwe. Na kama ni ugonjwa basi wataangalia kama unafaa kuendelea na kazi au ustaafishwe. Yaani walioshindwa kukufukuza kwa pombe sasa wangekuondoa kwa maradhi.

Waliweka kikao saa tisa mchana. Uliandika kuomba kiwe asubuhi. Wakakataa. Ukaandika tena, ukaambatanisha barua ya mtaalamu wa matamshi. Wakasogeza kikawa saa nne asubuhi, na tukaambiwa tumesumbua.

Mdogo wako alikusindikiza. Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, watu watatu upande wa pili: mwenyekiti, mtu wa utumishi, na karani mkuu kama mlalamikaji. Juu feni ilikuwa inazunguka na kugonga, ta-ta-ta. Mwenyekiti alisoma shitaka. Akamaliza, akakutazama kidogo, akamgeukia mdogo wako.

"Haya mama, hebu tuambie. Yeye anasemaje kuhusu hili?"

Mdogo wako anasema maneno yote alikuwa nayo. Alikuwa ameyapanga tangu siku ya barua, mengine akiyasema peke yake akishona, na baadhi yake yalikuwa matamu sana. Akaushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti," akasema, "mwenyewe huyo hapo. Muulizeni."

Ukavuta pumzi. Neno lako la kwanza halikusikika kwa sababu ya ile feni. Ukaonyesha juu kwa kidole. "Zi-me-ni."

Mdogo wako alijua joto linakufanya nini, na alijua unajua. Bila feni wangekusikia, lakini nguvu zako zingekwisha upesi. Nusura aseme. Akaiuma midomo yake. Mtu wa utumishi akainuka, akazima feni.

"Mimi. Sijawahi. Kulewa." Ukapumzika. "Miaka. Kumi na tisa. Mko nami."

Karani mkuu akakohoa. Ukamgeukia. "Ulinusa. Kikombe changu. Unge—" Neno likakwama. Ulijaribu mara ya pili. Uso wote ulikuwa unalisukuma lile neno.

"Ungenisamehe?" akadakia karani mkuu. "Anataka kusema ningemsamehe."

"Hapana," ukasema. Ilikuwa ndiyo sauti kubwa uliyoitoa mwaka mzima. "Si-ja-ma-li-za."

Mwenyekiti alimwonyesha mkono akae kimya. Wakangoja. Mdogo wako anasema hakuwahi kuona watu watatu wenye vyeo wakingoja neno moja. Kalamu zilitulia, mtu wa utumishi akaacha kuangalia simu yake. Jasho lilikuwa linakushuka shingoni na kuingia kwenye kola aliyokushonea.

"Ungeniuliza," ukasema.

Karani mkuu akatazama meza.

Ukaendelea dakika thelathini na tano. Ulitaka mambo matatu na uliyataja kwa kidole kimoja kimoja. Barua ya ulevi itolewe kwenye jalada lako. Isiongezewe maelezo, itolewe. Upelekwe masijala, kwenye majalada, kazi ya asubuhi. Na yule mwanamke atakayeita kesi badala yako umfundishe wewe. Mwenyekiti akauliza, si kwa ubaya, utamfundishaje mtu kuita na huwezi kuita. Ukamjibu, "Kuuliza majina. Si sauti."

Ulipotoka hukuweza hata kushuka ngazi. Mdogo wako alikubeba mgongoni mpaka getini, wewe mrefu kuliko yeye, viatu vyako vikiburuza.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Barua ilitolewa. Masijala ulipewa. Karani mkuu hakuomba radhi, na hadi leo hajaomba. Alikuja mazishini, akasaini kitabu kwa mwandiko mzuri, akala, akaondoka. Kama anasoma hapa, asome.

Ukafanya kazi masijala miaka mitatu na nusu. Yule mwitaji mpya alikuwa mwanamke mwenye haya, sauti kama ya njiwa, na wewe ulimpitisha kwenye mabenchi kila asubuhi ukiwa na fimbo yako, yeye akiuliza majina na wewe ukimwandikia alama ndogo juu ya silabi za kukazia. Mwaka wa pili mumeo alikutengenezea kikuza sauti kutoka kwenye vifaa vya karakana, boksi la kiunoni na maiki ya kuvaa mdomoni. Kilipiga miluzi. Ulikitumia kumwambia mwenye nyumba wa jirani azime redio, na mara moja ulikitumia kumwita mdogo wako pumbavu, kikasikika mtaa wa pili.

Lakini ugonjwa haukusimama. Sauti ikawa mnong'ono, mnong'ono ukawa pumzi. Mtaalamu alileta ubao wa herufi. Uliuchukia, ukasema ni wa watoto, kisha ukautumia kutukosoa tahajia. Mdogo wako alijifunza kushona kwa mkono mchana kutwa ili cherehani isingurume ukiwa na la kusema. Wateja walilalamika nguo zinachelewa. Akawaambia waende kwingine, na wengine walikwenda.

Siku ya mwisho, dada, tuiseme kama ilivyokuwa. Nimonia ilikuwa imerudi. Ilikuwa saa kumi jioni, wodini, mdogo wako peke yake kwenye kiti. Ulifumbua macho, ukaweka wazi kwamba unataka kuongea, na si kwa ubao. Akausogeza uso wake mpaka akasikia joto la pumzi yako.

"Mwambie. Fundi," ukasema.

Akangoja. Ukavuta pumzi. Muuguzi akaja na kitoroli chake, akauliza anataka nini mgonjwa, mdogo wako akamwinulia kiganja bila kugeuka. Midomo yako ikajikusanya kama inayotaka kuanza. Kisha ukafumba macho, ukalala. Mumeo alifika saa kumi na moja, mikono ikinuka mafuta ya mashine za friji, akakaa akikushika mguu. Hukuamka tena. Asubuhi ukaondoka.

Sasa fikiria mwaka tuliokuwa nao. Kila mtu anayo sentensi yako mfukoni. Mama anasema ulitaka kusema, mwambie fundi asiwe mpweke. Shangazi ana hakika ilikuwa mwambie fundi asante. Binti yako anasema, akicheka na kulia, kwamba ilikuwa mwambie fundi friji ya jikoni inavuja, maana ilikuwa inavuja kweli, na ulikuwa umemwambia mara nne. Mtu mmoja kwenye arobaini alisimama akaimalizia mbele ya watu kwa maneno mazuri sana, watu wakapangusa macho, na mdogo wako akainuka akatoka nje.

Mumeo hakuuliza kwa miezi minane. Siku moja aliingia chumba cha mbele, akasimama karibu na cherehani akizungusha spana mkononi.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Midomo yake ilikuwa inaelekea wapi?"

Mdogo wako angeweza kumpa kitu. Alikuwa na kumi vya kumpa, na yule mtu alikuwa amesimama pale kama anayeomba maji.

"Sijui, shemeji," akasema. "Hakumaliza."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta kiti, akakaa. Mdogo wako akamletea chai, na baadaye mumeo akasema ni sawa, angalau anajua alikuwa anaambiwa yeye.

Bado inatuudhi, Spika, tusifichane. Mdogo wako amekasirika hadi leo. Anasema mtu aliyetukosoa sarufi maisha yake yote, akiwa na pumzi ya maneno mawili, angeanza na lile la maana. Kisha anasema hapana, ulianza nalo.

Unakumbukwa na mumeo, fundi. Na binti yako, ambaye sasa anawauliza watu majina yao yanatamkwaje. Na mama yako, aliyezoea kukuita Spika na hawezi kuacha. Na shangazi, na asali yake. Na mwitaji wa kesi, ambaye sauti yake imekua. Na mdogo wako, mshonaji, aliyeandika haya asubuhi, polepole, na hakukubali mtu yeyote amsaidie kumaliza.

Tutakukumbuka siku zote, tena kwa sauti.